Ng'ombe Niliowauza Bila Kuwauza

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa nyuma ya nyumba yangu hapa Ziba, simu mkononi, nikisoma ujumbe wa mtu nisiyemjua akiniuliza fahali wake atafika lini. Sikuwa nimemuuzia fahali. Sikuwa nimemuuzia hata kwato.

Kwa aliyechelewa kuifuata habari hii: naitwa Bundala, ni mnadi wa ng'ombe. Ukisikia kwenye minada ya Ziba, Igunga au Nzega sauti inayokufanya ununue ng'ombe ambaye hukumpangia, hiyo ni yangu. Nafanya pia kazi ya kuagizwa. Watu wa huku walioko Dodoma, Mwanza au Dar es Salaam wakitaka ng'ombe wa kuweka nyumbani kwao, wananiandikia. Nawachagulia mnyama, nampiga picha, naituma kwa barua pepe pamoja na kibali chake, wanalipa, nami namfikisha kwa wazazi wao. Wengi hatujawahi kuonana. Wananunua kwa kuliamini jina langu.

Mimi huyo huyo nilishinda pikapu kwenye mnada wa mtandaoni. Nikalipa. Wakataka ushuru, nikalipa. Wakataka gharama za maegesho, nikalipa tena. Pikapu sijaiona mpaka leo, na tovuti yenyewe imefutika.

Najua mlicheka, maana mhariri amenisomea ujumbe wenu. Wengi mliuliza swali moja: mzee mzima, tena mnadi, hukushtuka?

Nilishtuka. Nilishtuka walipodai malipo ya pili. Lakini kwetu mnadani ukishainua mkono na jina lako likatajwa, umenunua. Anayerudi nyuma hatozwi faini, anatungiwa wimbo, na wimbo huo utaimbwa hata kwenye harusi za wajukuu zake. Mimi mwenyewe nimewahi kuanzisha nyimbo hizo kwenye kipaza sauti, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Sasa niko peke yangu na simu, hakuna anayeniona, na bado nikashindwa kurudi nyuma. Niliwaonea aibu wezi.

Cha mwisho walichotaka hakikuwa pesa. Walinitumia ukurasa wa kumsajili mshindi. Ulifanana kabisa na ukurasa wa barua pepe yangu, rangi zile zile, maandishi yale yale. Ukaomba anwani na neno la siri, nikaandika. Ikaja namba kwenye simu, wakanipigia kuiuliza, nikawatajia kwa sauti ya kunadi. Jioni hiyo simu ikanitoa kwenye barua pepe yangu, na haikunirudisha tena. Wao ndio wakabaki ndani, na orodha ya wateja wangu wote, na picha za ng'ombe nilizozipiga kwa mkono wangu.

Wakaanza kuuza.

Nyumbani sikusema. Mke wangu Adelina alikuwa ameshakata uzio wa minyaa upande wa barabarani ili gari lipate pa kuingilia. Pengo lipo mpaka leo, na mbuzi wa jirani wanapita watakavyo. Kila akiwafukuza ananiuliza gari limefika wapi, nami namjibu kwamba liko bandarini, makaratasi yanashughulikiwa. Anasema Mungu atasaidia. Naitikia amina.

Mtu pekee niliyemweleza ukweli ni Irfan.

Irfan ana duka la vifaa Tabora mjini. Babu yake alilifungua wakati watu wengine bado wanaitafuta Ujiji kwa miguu. Siku za mnada anapakia ndoo, kamba na majembe kwenye gari lake na kutufuata Ziba, kwa hiyo tunafahamiana tangu baba yake yuko hai. Nilipanda basi mpaka dukani kwake nikamweleza yote, macho yangu yakiwa kwenye mabati yaliyoegemezwa ukutani. Sikuweza kumwangalia.

Hakucheka. Alifunga mlango mmoja wa duka, akawasha kompyuta.

Kompyuta ikasema inajisasisha, tusiizime. Tukakaa tunaitazama. Irfan akanieleza kwamba kampuni iliyotengeneza programu zake haiombi ruhusa. Kompyuta ni yake, umeme analipa yeye, lakini wenyewe wakiamua kufanya marekebisho wanafanya tu, hata kama una mteja mbele yako. Ilipokaribia kumaliza, umeme ukakatika. Uliporudi, ikaanza upya.

Ilipotulia tukaenda kwenye ukurasa wa barua pepe. Huko nako wakasema nithibitishe kwamba mimi ni mimi. Wametuma namba kwenye simu yangu, niiandike. Simu yangu kimya. Kumbe wezi walikwishabadilisha, na namba ilikuwa inakwenda kwao.

Tukajaribu njia nyingine. Wakauliza akaunti niliifungua mwezi gani, mwaka gani. Nitajuaje? Aliifungua yule aliyeniuzia simu, mimi nilikuwa nakunywa soda. Wakaleta picha ndogondogo, wakataka nichague zote zenye bomba la zimamoto. Ndugu msomaji, bomba la zimamoto la huko kwao sijawahi kuliona. Kulikuwa na kitu kifupi chekundu kimesimama kando ya barabara, mimi nikadhani ni jiwe la mpaka wa kiwanja, nikakiacha. Wakasema hawana uhakika kama mimi ni binadamu au mashine.

Nikamwambia Irfan anitafutie namba ya simu ya ofisi yao, nizungumze na mtu. Akatafuta. Hakuna. Kampuni inayotunza barua za watu wa dunia nzima haina mtu hata mmoja wa kupokea simu ya Bundala. Kulikuwa na mahali pa kuandika malalamiko tu, nao wataangalia, kisha watatoa majibu kwa barua pepe.

"Barua pepe ipi?" nikauliza.

"Hiyo hiyo," Irfan akasema. "Tuweke na ya duka langu, huenda wakajibu huku."

Hapo nilipoteza adabu. Nilisimama nikaifokea ile kompyuta kwa sauti ya mnadani, mpaka wapita njia wakasimama mlangoni kutazama. Irfan akanivuta shati nikae. Nimezoea kugombana na watu, na nikigombana na mtu huwa nashinda au napatana naye. Siku ile nilikuwa nagombana na meza.

Tulituma malalamiko. Haukupita muda, barua ikaingia kwenye anwani ya duka. Nikafurahi. Nikasema afadhali, kumbe wapo.

Haikutoka kwa kampuni. Ilitoka kwangu.

Irfan aliisoma kwa sauti. "Ndugu yangu Irfan, salaam. Nimepata taarifa kwamba kuna mtu amekuja kwako akijifanya mimi, anataka umsaidie kufungua barua pepe yangu. Tafadhali usimsaidie. Huyo ni tapeli, na ameshawaliza wengi. Ni mimi nduguyo Bundala, mnadi."

Malalamiko yetu, yenye jina na anwani ya Irfan, yalikuwa yamepelekwa kwanza kwenye akaunti yenyewe, kumjulisha mwenyewe kwamba kuna mtu anajaribu kuingia. Na mwenyewe sasa ni wao.

Irfan aliiangalia barua, kisha akaniangalia mimi. Alinikagua. Ilikuwa mara moja tu, lakini niliiona, na iliniuma kuliko pikapu. Mtu aliyenijua miaka yote hiyo, barua moja ikamfanya anitazame upya, na nisingeweza kumlaumu. Ile barua ilikuwa na heshima kuliko mimi niliyekuwa napiga kelele dukani kwake.

"Kiswahili chake kizuri kuliko chako," akasema mwishoni. "Ndiyo maana najua si wewe."

Nikacheka ili nisilie.

Irfan akanishauri niende polisi. Nikamwambia nitakwenda, ila polisi nao watataka kujua niliibiwaje, na nitalazimika kusema mbele ya vijana wa kaunta kwamba niliwasomea wezi namba kwa mdomo wangu. Akatikisa kichwa.

"Basi mzee Bundala, anza na watu wako. Mnada wa Ziba unakuja. Shika kipaza sauti uwaambie barua zile si zako, na uwaambie ulivyotapeliwa. Wakicheka, wacheke. Nitakuwepo, nitasema kwamba nilikuwa na wewe kwenye kompyuta."

Nikamwahidi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakariri maneno kichwani. Jamani, nimeibiwa. Jamani, nilidanganywa na simu. Kila nilivyoyageuza yalikuwa na ladha ya dawa chungu, lakini nilidhani nitayameza.

Siku ya mnada nikafika mapema. Habari zilikuwa zimenitangulia. Watu waliniitikia salamu kwa nusu mdomo. Mwenyekiti wa kamati ya mnada, Shomari, alinivuta kando ya zizi akaniambia kuna watu wamekuja na simu zao, zina barua zenye jina langu, na kila mmoja anadai ng'ombe wake. Alisema amewajibu kwamba Bundala anamjua tangu anachunga ndama wa watu, na si mwizi. Alinipa mkono. Nilimwambia asante mwenyekiti, leo nitalisema lote.

Nilikuwa nakusudia. Naomba mniamini hapo.

Wakati naelekea jukwaani, mama mmoja mtu mzima akanizuia njia. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba cha kitambaa hicho hicho. Nilimtambua, ni mama Paskazia, mjane wa upande wa Nzega. Mwanawe Kulwa ni dereva Dodoma, nimewahi kumpelekea ng'ombe wa maziwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekuja kukushukuru."

Akanieleza kwa furaha, akinishika kiganja muda wote. Kulwa anaoa. Wakwe walikubali mahari, ng'ombe wengine walikwishapelekwa, wakabaki wanane. Kulwa aliona barua yangu kwamba nina ng'ombe wazuri kwa bei ya kirafiki, akatuma pesa zote alizokuwa nazo na alizokopa. Jumamosi wakwe wanakuja nyumbani kwa mama Paskazia kuwaangalia hao wanane. Ng'ombe wasipokuwepo, msichana anabaki kwao, kwa sababu kuna mwingine amekwishabisha hodi, na huyo ana ng'ombe tayari.

"Huko njiani watu wananiambia Bundala ametapeli watu," akasema. "Nikawaambia nyamazeni. Mwanangu hawezi kumtumia pesa mtu nisiyemjua. Nimekuja niwaone tu kwa macho, baba. Sitawachukua leo."

Nilijaribu kusema. Nilifungua mdomo, nikasema mama, kuna jambo. Akasema ndiyo baba. Akasubiri na tabasamu lake. Nikasema subiri nitoke jukwaani.

Shomari alishanipandisha. Watu wakasogea, wanunuzi na wachungaji na wale wenye simu zao. Upande wa kulia nilimwona Irfan ameacha ndoo zake, amesimama na mikono nyuma. Akanipa ishara ya kichwa kwamba nianze.

Shomari hakuzunguka. Alisema kwenye kipaza sauti, "Bundala, kuna barua zina jina lako. Watu wamelipa. Waambie hapa wote wasikie. Umeiba, au umeibiwa?"

Akanipa kipaza sauti.

Jibu lilikuwa neno moja. Nilikuwa nalo mdomoni. Kisha nikawaona wazee wa mbele, wale wanaoegemea fimbo, watunzi wenyewe wa nyimbo, wamenikazia macho. Nikaanza kuusikia wimbo kabla hawajautunga. Mnadi anayekataza watu kununua ng'ombe bila kumkagua meno, amenunua gari ambalo halipo. Amelilipia, akalilipia tena, na mwisho akawapa wezi ufunguo wa nyumba. Nikamwona Adelina akiusikia kisimani.

Nikawaza kwamba mwizi anaogopwa, lakini mjinga anachekwa. Sijivunii wazo hilo. Ndilo nililokuwa nalo.

"Ng'ombe wa mama Paskazia wapo," nikasema. "Wako malishoni Igalula. Jumamosi watafika."

Mama Paskazia akapiga vigelegele. Wanawake wawili watatu waliokuwa karibu wakamsaidia.

Shomari alikuwa amekodoa macho. Dakika chache kabla alikuwa ananitetea kwamba barua si zangu, sasa nimemwambia mbele ya mnada mzima kwamba ni zangu. Akachukua kipaza sauti taratibu.

"Hiyo barua aliyoipata Kulwa uliandika wewe?"

"Ndiyo."

"Na za hawa wengine?"

"Hizo sizijui."

Watu wakaguna. Hata mimi ningeguna. Aliyekuja kudai fahali wake akasema kwa sauti kwamba barua yake na ya Kulwa zimeandikwa maneno yale yale, anwani ile ile, hata picha ya ng'ombe ni moja.

Shomari akainua mkono wakanyamaza. Kwa sauti ya upole, ambayo ilinitisha zaidi, akanikumbusha kanuni. Muuzaji ambaye ng'ombe wake hawapo zizini lazima awe na mdhamini, mtu aliyewaona kwa macho yake. Siku ikifika na ng'ombe hawapo, mdhamini analipa kwa mali yake. Kanuni hiyo nimeitangaza mimi mwenyewe kwa miaka na miaka.

"Nani amewaona ng'ombe wa Bundala?" akauliza.

Watu niliokula nao, watu niliowauzia ng'ombe wa mahari za watoto wao, wakaangalia chini.

Kisha nikamwona Irfan anapenya katikati ya watu kuja jukwaani.

Nitawaambia nilichohisi, kwa kuwa nilianza habari hii kwa kuahidi kutoficha. Sikuona rafiki anakuja. Niliona mtu anayeujua ukweli. Nilimwogopa kuliko wezi, na kabla hajafika nilikuwa nimeshaandaa maneno: nitasema huyu ana chuki na mimi, nitasema tuligombana dukani kwake, wapo wapita njia walionisikia nikipiga kelele. Nilikuwa tayari kumwita mwongo mtu aliyefunga duka lake kwa ajili yangu.

Alifika. Akamwangalia mama Paskazia aliyekuwa bado anatabasamu, kitambaa cha kilemba kimelegea kwa kushangilia. Akamwangalia Shomari.

"Mimi nimewaona," akasema.

Mama Paskazia akamshika mikono yote miwili, akapiga goti. Irfan akamwinua, akimwambia mama, usinipigie goti, tafadhali.

Shomari akamtaka aseme kwenye kipaza sauti jina lake, jina la baba yake na mali anayoiweka. Irfan akakishika.

"Irfan wa Ebrahim. Naweka duka la Tabora mjini."

Hakumrudishia Shomari kipaza sauti. Alinigeukia akakileta kwangu, akakishikilia hapo mbele ya kifua changu, ananiangalia usoni. Alikuwa ananipa nafasi. Neno moja tu lingetosha, na duka la babu yake lingebaki lake, na mama Paskazia angekwenda nyumbani analia lakini akiujua ukweli, na siku za kutafuta njia nyingine zingekuwepo.

Watu wote walikuwa wananisubiri.

Nikakipokea. Nikakohoa kusafisha koo, nikawageukia wachungaji, nikawaambia walete zizini dume la kwanza. Kisha nikaanza kunadi.